Mrejesho: silaha na deraya za Adept, mchezo wa video wa Mass Effect 3

Ahsanteni ndugu zangu, hasa kaka wa Chake Chake. Swali lilikuwa: Adept (mpiganaji anayetegemea nguvu maalumu ziitwazo za kibayotiki) mwenye bunduki tatu, nguvu zake zinachelewa kurudi baada ya kutumika, apunguze nini?

Jibu ni uzito. Bunduki ya rashasha na ya mdunguzi zimeachwa, imebaki bastola nyepesi peke yake, na kipimo cha kasi ya nguvu kurudi, kwenye meza ya silaha, kimefika asilimia 200 juu. Hapo muda wa kusubiri unagawanywa kwa tatu: nguvu ya sekunde 9 inarudi kwa 3. Ukimpachika adui Warp kisha ukafuatisha Throw (zote mbili ni nguvu za Adept), mlipuko unatoka, hata kwa adui mwenye deraya kama lile jitu Brute. Raha ya Adept ndiyo hii, wallahi.

Wanaocheza pale Michenzani waangalie rangi ya mstari juu ya adui. Buluu ni ngao: piga Overload, nguvu ya umeme, kama unayo wewe au mwenzako wa kikosi. Zambarau ni kizuizi cha kibayotiki, kinavunjwa na Warp. Manjano ni deraya, na hapa ndipo risasi nyingi zinapopotea bure: deraya hukata kiasi kilekile kwenye kila risasi, kwa hiyo rashasha ya risasi dhaifu haifiki kitu. Tumia inayopiga moja nzito, au funga kifaa cha kutoboa deraya.

Deraya yako mwenyewe: chagua vipande vya kuongeza nguvu, si vya kuongeza risasi za akiba.