Tupeane uzoefu: takwimu za shule zilipokufumbua macho, au zilipokuchezea shere

Mwalimu wa Zamu: Naanza mimi. Nikiwa mwalimu wa taaluma, ufaulu wetu ulipanda kutoka asilimia 58 hadi 74 ndani ya mwaka mmoja. Tukaitwa tukawaeleze wenzetu siri. Usiku wa kuamkia siku hiyo nikafungua madaftari kutafuta cha kusema. Mwaka wa kwanza watahiniwa 100, wamefaulu 58. Mwaka wa pili watahiniwa 78, wamefaulu... 58! Hatukuongeza hata mtoto mmoja. Dhaifu 22 walikaririshwa darasa au wazazi wao walishawishiwa wawahamishe. Siku hizi nikiletewa asilimia nauliza kwanza: ya wangapi?

Karani Mstaafu: Kwetu idadi ndiyo iliyozidi. Ruzuku ilikuja kwa kichwa cha mwanafunzi, basi madaftari yakanenepa. Tulipopita madarasani kuhesabu, majina yapo, madawati matupu. Lakini tusiwabebeshe walimu wakuu lawama zote: fomu yetu iliuliza walioandikishwa tu. Tukaongeza safu moja, ya waliohudhuria siku ya kuhesabu. Mpango wa kujenga madarasa ukasimama, tukaanza kuwatafuta watoro.

Mjumbe wa Bodi: Mimi nilicheka kikaoni nilipoona uandikishaji asilimia 109. Nikasema huyu kafeli hesabu. Kumbe uandikishaji wa jumla unahesabu kila aliyemo darasani, hata aliyezidi au asiyefikia umri, kisha unagawa kwa idadi ya watoto wenye umri rasmi wa kuwa shuleni. Aibu yangu, ila ndipo tulipogundua darasa la kwanza limejaa watoto wakubwa.

Chaki Kavu: Hizo zote huishia kabatini.

Karani Mstaafu: Si zote, ndugu yangu. Ujerumani ilishiriki PISA ya mwaka 2000, ule mtihani wa kimataifa wa kulinganisha wanafunzi wa nchi mbalimbali. Matokeo yalipotoka Desemba 2001, vijana wao wa miaka 15 walikuwa chini ya wastani wa nchi za OECD, umoja ambao wanachama wake wengi ni nchi tajiri, na hali ya nyumbani ilikuwa inaamua mno alama za mtoto. Nchi ilitikisika. Wakaweka viwango vya kitaifa vya ujifunzaji, na serikali kuu ikatenga euro bilioni 4 kupanua shule za siku nzima.

Chaki Kavu: Sawa, nimekubali nusu. Mwalimu, wale 22 waliishia wapi?

Mwalimu wa Zamu: 13 walikariri, niliwafundisha tena mwenyewe. Wale 9 waliohama, hakuna daftari lililowafuata.