Mrejesho: Kufundisha utalii na hoteli kwa saa hapa Lubumbashi

Ndugu zangu, niliwauliza kama nikubali kufundisha utalii na hoteli chuoni kwa malipo ya saa, huku nikiendelea na kazi ya mapokezi hotelini. Nilikubali.

Asante sana yaya, mkubwa wangu uliyesisitiza mkataba wa maandishi. Chuo kilitaka kulipa saa za darasani peke yake. Nikaomba kusahihisha mitihani kuhesabiwe pia, na tarehe ya malipo iandikwe. La kusahihisha walilikataa, la tarehe wakalikubali. Hotelini nimebadilishana zamu na mwenzangu, basi.

Lakini kilichonishika moyo ni wanafunzi wenyewe. Vitabu tulivyonavyo vinazungumzia fukwe na meli za watalii, wakati wageni wa hoteli za hapa wengi huletwa na shaba na kobalti: wahandisi, wafanyabiashara, watu wa mikutano. Kwa hiyo tunafanya mazoezi ya kumpokea mgeni aliyechoka aliyetoka mpakani Kasumbalesa usiku, kuandaa ukumbi wa mkutano, kuandika ankara ya kampuni. Halafu nikawauliza nani amefika Kundelungu, mbuga iliyoanzishwa mwaka 1970, yenye maporomoko ya Lofoi. Hakuna. Iliniuma, maana hawa ndio watakaoongoza wageni kesho!

Sasa kila kikundi kinaandaa safari ya huko kwenye karatasi: gari, barabara wakati wa mvua, chakula, bei. Aliyewahi kupeleka wanafunzi Kundelungu anieleze ruhusa inaombwa wapi.