Mashine ya kupasua magogo imeishiwa nguvu: nibadili pampu, sili za silinda au vali?

Kuni_Mufindi
Wakuu, naomba mawazo kabla sijatoa hela. Tuna mashine ya haidroliki ya kupasua magogo ya mikaratusi. Kuni zinakwenda kwenye boila za viwanda vya chai huku Mufindi. Injini ya petroli, pampu ya gia ya hatua mbili, silinda ya inchi 4. Asubuhi na baridi inapasua bila shida. Ikifika saa nne, oili ikishashika moto, kabari ikigusa gogo lenye vifundo inagoma. Injini wala haielemewi, inaendelea na mlio uleule.

Nina ushauri wa aina tatu. Muuza spea anasema pampu imekufa. Fundi matrekta anasema sili za pistoni, ile mipira ya kuzuia oili isipite. Kijana wa gereji anasema nikaze skrubu ya vali tu, presha itapanda. Pampu ndiyo ghali kuliko vyote na ni ya kuagiza Dar. Nianze na lipi?

Spana_Moja
Pampu hiyo, mkuu. Gia zikishalika, oili ikiwa nzito ya asubuhi bado inasukuma. Ikipata moto inakuwa nyepesi, inapenya pembeni mwa gia na kurudi ilikotoka. Usizunguke sana.

FundiPresha
Spana, maelezo yako ni sahihi kabisa, ila sili ya pistoni iliyochoka nayo hufanya hivyohivyo oili ikipata moto. Kwa hiyo dalili ya moto haijachagua mtu hapo.

Dalili inayosema zaidi ni injini kutoelemewa. Pampu ya hatua mbili ina gia kubwa na gia ndogo. Kabari ikiwa haijagusa kitu zote mbili zinasukuma, ndiyo maana inakwenda mbio. Presha ikifika kama psi (kipimo cha presha) 500 hadi 650, vali ndogo ndani ya pampu inaachia oili ya gia kubwa, inabaki gia ndogo peke yake: mwendo wa taratibu, nguvu kubwa. Ile vali ndogo ikikwama bila kuachia, injini inazimika kwenye gogo gumu. Yako haizimiki wala haielemewi, maana yake presha haijengeki, inatoroka mahali. Mahali penyewe ni pampu, vali ya leva au silinda.

Nunua geji ya psi 5,000. Ni bei ndogo sana ukilinganisha na pampu. Ifunge kwa tii (kiungo cha njia tatu) kwenye hozi inayotoka pampu kwenda kwenye vali, kisha pima oili ikiwa ya moto, wakati mashine inapogoma. Kupima asubuhi ni kujidanganya.

Kipimo cha kwanza: sukuma kabari mpaka mwisho wa safari, shikilia leva sekunde chache, soma geji. Cha pili: zima injini, chezesha leva mbele na nyuma presha iishe, fungua hozi mbili za silinda pale kwenye vali, ziba matundu ya vali kwa plagi za chuma, washa, sukuma leva, soma tena. Ukipata namba nzuri silinda ikiwa imetengwa na mbaya ikiwa imeungwa, silinda ndiyo mwizi. Zikiwa mbaya zote, tatizo ni pampu au vali. Ila sikiliza hapa: usizibe kamwe tundu la pampu lenyewe. Kwenye mashine nyingi hizi vali ya usalama iko ndani ya vali ya leva, mbele ya pampu. Ukiziba pampu moja kwa moja, oili haina pa kwenda na pampu inapasuka.

Chai_Kericho
Nipo upande wa boila huku Kericho, hizi mashine tunaishi nazo. Hilo la kukaza skrubu bila geji tafadhali liache. Ile skrubu haitengenezi presha, inaweka tu kikomo chake. Kama oili inavuja ndani ya silinda, utakaza mpaka mwisho na gogo halitapasuka. Kisha siku utakayobadilisha sili, presha inaruka juu ya uwezo wa hozi na rodi inapinda.

Jambo la pili ni uvujaji wa nje. Hozi ikitoa unyunyu mwembamba usipapase kwa mkono, hata ukiwa na glavu. Pitisha kipande cha kadibodi. Oili ya presha ikiingia chini ya ngozi jeraha linaonekana kama la sindano, halafu mkono unaharibika kwa ndani. Ni hospitali muda huohuo, na umwambie daktari ni oili ya haidroliki, asikupe plasta akakurudisha nyumbani.

Mlimani_Minnesota
Mimi napasua kuni za nyumbani tu, huku Marekani baridi haina utani. Kabla ya vyote hivyo tazama oili yenyewe. Ikiwa nyeupe kama maziwa ina maji. Ikiwa na povu, pampu inavuta hewa kwenye hozi ya kunyonya. Pampu ikipiga kelele kama ya kusaga kokoto, inakosa oili, mara nyingi chujio la kwenye tangi limeziba. Na kapulingi kati ya injini na pampu: ule mpira wake wa kati ukiliwa, injini inazunguka na pampu haifuati.

Halafu usiamini sana tani za kwenye stika. Silinda ya inchi 4 kwa psi 2,500 inatoa kama tani 14, basi. Wauzaji wanaandika 25 bila aibu.

Kuni_Mufindi
Nimerudi na majibu. Oili safi, haina povu, kapulingi nzima. Geji, oili ikiwa ya moto: silinda ikiwa imeungwa, psi 1,300 na inayumba. Silinda ikiwa imetengwa, 2,450 na imetulia.

Spana_Moja
Basi pampu nimeisingizia. 2,450 ya moto, hiyo pampu ina afya.

FundiPresha
Na vali pia. Sasa linganisha upya: seti ya sili, kuhoni bomba la silinda (kulisugua ndani lilainike), au silinda mpya. Jibu utalipata ukishafungua. Kama ni silinda ya bolti ndefu nne za nje ni kazi ya mchana mmoja. Pitisha ukucha ndani ya bomba: usiponasa kwenye mchubuko wowote, sili mpya zinatosha. Ukinasa kidogo, peleka likahoniwe. Ukikuta mfereji wa kuingia ukucha mzima, au rodi imepinda, tafuta silinda nyingine, kwa sababu bomba hilo litatafuna sili mpya upesi tu.

Kuna oringi (pete ya mpira) moja ndogo mafundi wengi wanaisahau, ile inayokaa kati ya pistoni na rodi. Ikifa, oili inapita katikati ya pistoni, na unaweza kubadilisha sili zote za nje ukabaki na ugonjwa uleule. Midomo ya sili itazame upande presha inakotoka. Nati ya pistoni ikazwe sawasawa, na gundi ya kushika nyuzi za nati. Ikilegea humo ndani utaifungua silinda mara ya pili.

Chai_Kericho
Na oili umeweka namba ngapi ya uzito?

Kuni_Mufindi
32. Muuzaji alisema huku ni baridi.

Chai_Kericho
Baridi ni ya asubuhi. Kama mashine inashinda kutwa juani, weka 46, uiache injini izunguke dakika chache kabla ya gogo la kwanza. Tangi likishika moto hadi huwezi kuacha kiganja juu yake, ipumzishe. Kupita nyuzi 80 sili zinaanza kukauka.

FundiPresha
Sawa kabisa. Ukishafunga, peleka kabari mbele na nyuma mara kadhaa bila gogo ili hewa itoke, kisha pima kiwango cha oili rodi ikiwa imeingia ndani yote. Ukijaza tangi wakati rodi iko nje, ikirudi oili itamwagika.