Kaunta buku, grupu la WhatsApp au programu: ukiwa na mafundi wanaoficha ujuzi, uanze na lipi?

Baridi_Nyakato: Wakuu, habari za jioni. Nasimamia mafundi 11 wa vyumba vya baridi hapa Nyakato, Mwanza, wateja wetu wengi ni wa samaki. Mzee wetu mmoja anastaafu Desemba. Huyo anaweka ncha ya bisibisi kwenye kompresa, mpini sikioni, dakika moja tu anakwambia beringi inaanza kufa. Nimetoa hoja tuanze kuandika haya mambo, kikao kizima kikanuna. Kijana mmoja akauliza, "Tukishamaliza kuandika, nani anapunguzwa?" Nina njia tatu: kaunta buku kwenye kila gari, grupu la WhatsApp, au programu ambayo wakala wa Dar anaipigia debe. Ipi?

SangaraMbichi: Grupu, mkuu. Simu kila mtu anayo, na sauti anarekodi hata grisi ikiwa bado mikononi.

MamaKirumba: Sangara, ushawahi kutafuta sauti ya miezi mitatu iliyopita? Utasikiliza mpaka bando liishe. Grupu letu la ghala la dagaa liliishia kujaa misiba na ubishi wa Simba na Yanga. Halafu meneja yumo. Nani ataeleza alivyoharibu huku bosi anasoma? Kaunta buku limedumu, ingawa linanuka dagaa, na karani akienda likizo hakuna anayeuelewa mwandiko wake.

CapriPoint_Juu: Programu msiidharau. Julian Orr, mwanaanthropolojia, aliwafuata mafundi wa fotokopi wa Xerox kule Marekani, akaona ujuzi wao unapita kwenye visa wanavyosimuliana, mwongozo wa kampuni hautoshi. Miaka ya 1990 Xerox ikawa na mfumo wa Eureka: fundi anaandika mbinu yake, mafundi wenzake wanaikagua, jina lake linabaki pale pale. Muulize huyo wakala: jina la mzee litakaa wapi?

MamaKirumba: Jina sawa. Ila jina haliliwi.

Fundi_Igoma58: Mwanangu, mimi ni rika la huyo mzee. Habari ya bisibisi haiandikiki. Nipe kijana tuzunguke naye miezi mitatu, sikio lake litazoea. Kuandika nilishaandika, kwenye kiwanda kimoja, daftari zima. Mwaka uliofuata mkataba wangu haukuongezwa, daftari wakabaki nalo.

SangaraMbichi: Duh. Pole mzee.

Baridi_Nyakato: Shikamoo mzee. Hilo la daftari limenikalisha chini. Nimerudi kwa mkurugenzi leo. Kuanzia Jumatatu yule kijana aliyeuliza swali anapanda gari moja na mzee. Kaunta buku anaandika yeye, mzee anasimulia tu, na jina la mzee linakaa juu ya kila ukurasa. Nimeomba pia barua yenye saini kwamba hakuna atakayepunguzwa kwa ajili ya hicho kitabu. Jumatatu imekubaliwa; barua "inafanyiwa kazi". Wakala wa Dar kanipigia mara mbili, sijapokea.

MamaKirumba: Barua kwanza, kaka. Kijana asifungue kalamu kabla.