Eti mabaharia wenye ujuzi wa kijani hawapo? Tupo, mmetufungia mlango!

Wakuu habari za muda, leo mnivumilie nina hasira. Mods msiuunganishe huu uzi na mwingine.

Kila mkutano wa mambo ya meli siku hizi ni wimbo uleule, ooh IMO, lile shirika la UN la mambo ya meli, imeshasema ifikapo 2050 au karibu na hapo meli zifikie sifuri halisi ya gesi joto, ooh mabaharia hawana ujuzi wa kijani, yaani wa kuendesha meli za mafuta safi. Ripoti ya DNV, wale wakaguzi wa ubora wa meli, ya 2022 ilisema mpaka mabaharia laki 8 wanaweza kuhitaji mafunzo ya ziada kufikia katikati ya miaka ya 2030. Haya sawa, nani anatufundisha sasa??

Mi ni injinia wa tatu, miaka tisa nazunguka na injini za dizeli. Nikajilipia kozi ya msingi ya IGF, hiyo ya meli zinazotumia gesi na mafuta mengine yanayowaka upesi, nikiwa likizo na mshahara hausomi. Nimetoka na cheti changu naomba kazi meli inayotumia LNG, ile gesi asilia iliyopozwa ikawa kimiminika, wakala ananijibu wanataka mwenye cheti cha juu. Nikamuuliza hicho cha juu nakipataje? Akacheka. Maana STCW, ule mkataba wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vya mabaharia, inataka uwe umekaa angalau mwezi mmoja kwenye meli za aina hiyohiyo na umeshiriki kupakia mafuta yake mara 3, simuleta inakubeba 2 tu. Kwa hiyo ili nipande meli lazima niwe nimeshapanda meli!! Hiyo bunka (kupakia mafuta) moja ya kweli na huo mwezi mzima naviokota wapi, ufukweni?

Sipingi masharti, hapo tuelewane. LNG inakaa nyuzi 162 chini ya sifuri, ikikumwagikia ngozi imekwenda. Methanoli ikiwaka mchana moto wake hata huuoni vizuri, na amonia ikivuja kwenye injini rumu hiyo ni sumu, sio harufu ya kuzoea kama dizeli. Mambo haya yanataka mkono uliozoea kweli.

Ndo maana nachukia zaidi kampuni niliyotoka. Walitangaza kwa mbwembwe wameagiza meli ya methanoli, sisi wa meli za zamani mafunzo yetu ya kijani yakawa video ya dakika arobaini kule mesi, nusu ya watu wamesinzia wametoka zamu ya usiku, mwisho tukasaini karatasi kwamba tumeelewa. Meli ilipofika wakachukua watu wa nje wenye vyeti tayari. Hata nafasi moja ya ziada ya kumweka mtu wao ajifunze huo mwezi wameona gharama, ila hela ya meli mpya ipo!

Kuna mtu humu alitokea kwenye dizeli akakipata hicho cheti cha juu bila kuwa na mjomba ofisini? Aseme alipitia wapi, hata PM nakuja.