Ushauri: EDUC 1300, uongozi na SOCI 2319 kwa muhula mmoja (Houston), nichukue zote?

KivuHouston (mwanzisha uzi)
Wakuu, salaam. Agosti naanza chuo cha miaka miwili hapa Houston, nalenga uuguzi. Mshauri wa masomo kanipangia ENGL 1301 (uandishi wa Kiingereza), BIOL 2401 (anatomia na fiziolojia), EDUC 1300, SOCI 2319 (jamii za wachache) na kozi ya uongozi ya krediti 1. Jumla 14. Kazini nina saa 32 kwa wiki, zamu ya usiku. Ada nategemea Pell, ruzuku ya serikali kuu ya Marekani. Je, hiyo EDUC 1300 ya kufundishwa namna ya kusoma ina maana yoyote, au ni kujaza ratiba tu? Na hizo mbili, ya uongozi na ya jamii za wachache, muuguzi zinamfaa nini?

MzeeKatalogi
Ndugu, swali la faida liweke pembeni kwanza. Anza na hili: kila kozi inakaa wapi kwenye programu uliyosajiliwa? Pell inahesabu kozi za programu yako tu. Ukisajili 14 halafu zinazohesabika zikawa 10, ofisi ya misaada ya fedha inakokotoa 10 kwa 12 (12 ndizo za mwanafunzi wa muda wote), yaani asilimia 83 ya Pell kamili, na bili ya 14 inabaki palepale. Wengi hushtukia hapo muhula ukiwa umeshaanza.

Sasa angalia uuguzi wa miaka miwili Texas. Mpango wake umebana, kwa kawaida krediti 60, na upande wa sayansi ya jamii mara nyingi umeshachukuliwa na kozi mbili za saikolojia, PSYC 2301 na PSYC 2314. SOCI 2319 haina pa kukaa. Ila kuna kitu washauri husahau kukisema: ambaye hajapokelewa rasmi kwenye uuguzi mara nyingi anasajiliwa chini ya programu nyingine ya jumla, na huko SOCI 2319 inaweza kuhesabika. Ingia kwenye akaunti yako ya mwanafunzi, fungua ukaguzi wa digrii, soma jina la programu lililoandikwa juu, kisha ufuatilie kozi mojamoja imeangukia fungu gani. Ikiwa chini kabisa, kwenye zisizotumika, jibu umelipata. Mwandikie mshauri kwa barua pepe ya chuo ili jibu lake libaki kwenye maandishi.

BiSilabasi
Niongelee EDUC 1300, maana inadharauliwa bure. Kwenye namba za kozi za Texas tarakimu ya pili ndiyo krediti: 1300 ni krediti 3, 1100 ni krediti 1. PSYC 1300 ni kozi ileile kwa jina la idara nyingine, usije ukachukua zote mbili.

Si kozi ya nasaha. Inafundisha saikolojia ya kujifunza: kumbukumbu, motisha, namna ya kujipima kama kweli umeelewa. Ina mitihani, na kwa kawaida ina insha ya utafiti. Watu hawaanguki kwa ugumu wake, wanaanguka kwa kuruka kazi ndogondogo za kila wiki. Zile za mtandaoni mara nyingi zinataka posti yako katikati ya wiki na majibu kwa wenzako kabla ya Jumapili usiku. Ukiruka nne hivi, A imeshaondoka.

Namna ya kuifaidi ni kufanya kazi zake kwa kutumia BIOL 2401. Ukiambiwa uandike noti kwa mtindo wa Cornell (safu ya inchi 2.5 kushoto ya maswali, inchi 6 kulia ya noti, inchi 2 chini ya muhtasari), andika za sura ya mifupa. Kisha ziba kulia, jibu maswali ya kushoto bila kuchungulia. Kujiuliza hivyo kunashinda kusoma upya mara tatu. Roediger na Karpicke walilionyesha hilo mwaka 2006. Ukikutana na dodoso la "wewe unajifunza kwa macho au kwa masikio", lijaze upate alama, usilipangie maisha. Ushahidi wake ni hafifu.

Hesabu ya GPA (wastani wa alama; A ni pointi 4 na C ni 2 kwa kila krediti): C ya BIOL 2401 peke yake ni 2.00. Ukiongeza A ya EDUC 1300 inakuwa (12+8)/7, yaani 2.86. Inakukinga na kiwango cha 2.0 ambacho vyuo vingi hudai ili uendelee kupata msaada wa fedha. Lakini idara za uuguzi mara nyingi hukokotoa GPA ya kozi za awali tu, na huko A hiyo haikusukumi hata kidogo.

Mwenyekiti_Kikao
Ya uongozi iache muhula huu. Alama zake nyingi huwa kwenye mradi wa kikundi, na kikundi hukutana jioni, wakati wewe unajiandaa kwenda zamu. Baadaye ukifikisha krediti 12 na GPA 3.5, Phi Theta Kappa, jumuiya ya wanafunzi wanaofanya vizuri katika vyuo vya miaka miwili, wanaweza kukualika. Wana mafunzo yao ya uongozi, kiingilio unalipa mara moja.

Soshiolojia_101
SOCI 2319 isipigwe teke hivyo. Ndani yake kuna sheria ya kuwazuia Wachina ya 1882, kesi ya Hernandez dhidi ya Texas ya 1954 (haki za Wamarekani wenye asili ya Meksiko), sheria ya uhamiaji ya 1965, sheria ya wakimbizi ya 1980. Muuguzi wa Houston anahudumia wagonjwa ambao historia hiyo ni yao. Kosa la kawaida kwenye insha ni kusimulia tu yaliyokupata ukidhani umejibu. Mwalimu anasahihisha dhana: taja dhana, ifafanue, ndipo ulete mfano wako kwa sentensi mbili tatu.

Kuna wanaodhani sheria ya Texas iitwayo SB 17 imezifuta kozi hizi. Sheria hiyo, iliyoanza kutumika Januari 1, 2024, ilifunga ofisi za utofauti, usawa na ujumuishi (DEI) kwenye vyuo vya umma. Ufundishaji wa darasani haukuguswa nayo. Hata hivyo orodha ya kozi za msingi hubadilika, soma katalogi ya mwaka wako.

KivuHouston
Asanteni sana. Nimekagua, programu imeandikwa ya jumla na SOCI inahesabika, ya uongozi haimo. Je, nikianza na 13 nikazidiwa?

MzeeKatalogi
Piga hesabu kwanza: krediti moja ni saa 1 darasani na 2 za kujisomea kwa wiki. 13 ni saa 39, ongeza kazi 32, ni 71, na maabara ya BIOL inakula zaidi. Mimi ningeisogeza SOCI hadi muhula wa pili. Unabaki na 10, Pell asilimia 83, ila hakikisha huna ufadhili mwingine unaodai 12.

Ukiamua kubaki na 13, weka alama kwenye kalenda siku ya 12 ya masomo. Ukiiacha kozi kabla ya hapo haiandikwi kwenye rekodi. Baada ya hapo inakuwa W (umejiondoa), inahesabika kama kozi usiyomaliza kwenye asilimia 67 ya krediti unazotakiwa kukamilisha ili uendelee kupata msaada wa fedha, na inakula moja ya nafasi sita za kuacha kozi ambazo Texas inakupa kwa masomo yote ya shahada ya kwanza. Kozi za wiki 8 siku hiyo huja mapema zaidi, iko kwenye kalenda ya chuo.