Muvi za vita ni burudani au propaganda?

Wakuu, hizi muvi za vita za Marekani ni burudani tu au tunalishwa propaganda?

—Propaganda ipo mkuu. Ukitaka ndege na manowari za jeshi, Pentagon, yaani wizara ya ulinzi ya Marekani, wanasoma skripti kwanza, wasipoipenda hupewi kitu. Top Gun ya 1986, Goose, yule rafiki wa staa, alikuwa afe kwa ndege kugongana angani, jeshi la majini likagoma, ikabidi wabadilishe.

—Na Platoon mwaka huohuo ilinyimwa msaada, wakaenda kushuti Ufilipino, we unadhani kwa nini, inaonyesha wanajeshi wao wakichoma kijiji Vietnam.

—Mi kinachoniuma ni adui. Mmarekani ana picha ya mke mfukoni, adui hata jina hana, anaanguka tu na sisi tunashangilia.